Uzi wa habari za nyumbani: weka habari yako, weka na ombi lako

#1 Mwana wa Kahama

Salaam kwenu nyote. Kipupwe kimeingia Dar, alfajiri watu wanapanda daladala na masweta. Nimefungua uzi huu ili mtu aweke habari zake za nyumbani, ziwe za heri au za mtihani, na chini yake aandike amekwama wapi. Siasa na mpira vina nyuzi zake. Ombi langu kwa wote ni moja: anayeomba aseme hasa anataka nini, wapi na lini, na anayejitolea aseme anachokiweza. "Tuko pamoja" ni neno jema ila halimfikishi mgonjwa hospitali.

Naanza mimi. Mama yangu mzazi amegundulika na kansa ya shingo ya kizazi. Alikuwa anatokwa na damu muda mrefu, akanyamaza kwa sababu ni jambo la kike na nyumba imejaa wanaume. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyemkuta ameshika ukuta wa jikoni akisubiri kizunguzungu kipite. Wakaenda hospitali, wakampima, wakachukua kinyama cha kupeleka maabara, majibu yakaja. Sasa ana rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mimi nakaa Tandika, chumba na sebule, mke na watoto wawili. Nahitaji mtu aliyewahi kuuguza pale anieleze mambo yanavyokwenda. Nahitaji pia chumba cha kupanga kwa muda mfupi, kiwe chini kwa sababu ngazi haziwezi, choo kiwe ndani au mlango wa pili tu. Na nahitaji wachangia damu, damu yake iko chini.

La heri: binti yangu ameanza kusoma kwa kuunganisha silabi. Kila bango tunalolipita analisoma kwa sauti, abiria wote wanamgeukia.

#2 Nesi Mstaafu

Pole sana mwanangu, na mpe mama pole zangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nitakujibu ninachokijua.

Kwanza nikuulize: mbona hamkufikiria hospitali ya Bugando? Kutoka Kahama kwenda Mwanza ni karibu sana kuliko kuja Dar, na mionzi ipo. Nauliza kwa sababu matibabu haya hayaishi siku moja. Mionzi ya nje kwa kawaida ni siku tano za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na inaweza kuchukua wiki kama tano. Baada ya hapo kuna mionzi ya ndani. Wengine huongezewa dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hospitali ipi ni nzuri, jiulizeni ni nani atakayekuwa naye asubuhi zote hizo.

Mkiamua ni Dar, aje na barua ya rufaa, majibu ya kinyama, na kile kipande chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta kule maabara. Watu wengi wanakiacha, kisha wanahangaika kukiagiza kwa basi huku mgonjwa anasubiri. Aje pia na picha zote alizopigwa, kitambulisho, na kadi ya bima kama anayo.

#3 Mwana wa Kahama

Shikamoo Bibi Nesi. Bugando tuliijadili sana. Mdogo wangu ndiye aliye naye Kahama na ana mtoto mchanga, Mwanza hatuna ndugu wa kukaa naye. Huku niko mimi, yupo mke wangu, na yupo shangazi Kigamboni. Mama mwenyewe kasema anataka kuwa karibu na wajukuu. Tumeamua ni Dar.

Hicho kipande cha kwenye nta sikuwa nakijua. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi, kesho anakwenda maabara kukiomba.

#4 Fundi Umeme Mbagala

Mkuu, mimi nachangia damu. Nina kilo 71 na sijachangia mwaka huu. Nina wenzangu wawili kazini nitawauliza leo. Niambie siku tu.

Habari zangu: mke wangu kajifungua mapacha, wa kiume na wa kike, wote wazima, alhamdulillah. Tulijiandaa kwa mtoto mmoja. Ndiyo maana na mimi naomba: mwenye nguo za watoto wachanga ambazo watoto wake zimeshawabana, hata kama zimepauka, nazipokea. Beseni moja la kuogea pia. Nitazifuata mwenyewe popote Dar, jioni baada ya kazi. Na mwenye nyumba ya kufunga umeme au mita inayosumbua anikumbuke, mahitaji yameongezeka.

#5 Mama Wawili Ukonga

Fundi, hongera baba mapacha! Ninazo nguo mfuko mzima, za miezi sifuri mpaka sita, na shali mbili. Niko Ukonga, karibu na Mombasa ya hapahapa Ukonga. Njoo Jumamosi. Nguo nitazifua na kuzipiga pasi kabla hujaja.

Na mimi nina swali kwa Bibi Nesi kwa kuwa limeguswa hapo juu. Binti yangu ana miaka 11. Shuleni wametangaza chanjo ya kukinga kansa hiyo ya shingo ya kizazi. Jirani zangu wananiambia nisimpeleke, eti ni ya kuwafunga kizazi watoto wa kike. Nimechanganyikiwa, karatasi ya ridhaa iko mezani haijasainiwa.

#6 Nesi Mstaafu

Mama Wawili, isaini.

Karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho kinaambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana chanjo inatolewa mapema, kabla binti hajaanza mambo hayo. Hapa Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kuanzia miaka 9 hadi 14, na sasa ni dozi moja tu. Haifungi kizazi. Kinachofunga kizazi ni ugonjwa wenyewe, maana mionzi ya nyonga na upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi humwacha mwanamke kijana bila uwezo wa kuzaa. Nimewashika mikono wasichana wa miaka thelathini wakiambiwa hivyo. Mkono utauma siku moja mbili, anaweza kupata homa kidogo, basi.

Na wewe mwenyewe, kama umefika miaka 30, nenda kliniki wakuangalie kwa siki. Wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, sehemu yenye hitilafu inageuka nyeupe, wanaiona papo hapo. Haichukui muda. Wenye maambukizi ya VVU wasisubiri miaka hiyo, waanze mapema na warudi mara kwa mara. Mama wa huyu kijana angeangaliwa hivyo miaka michache nyuma, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nasema kwa uchungu, si kwa kumlaumu. Aibu hii sisi wanawake tumelishwa tangu utotoni.

#7 Binti Pangani

Ndugu zangu, assalaam aleykum. Niko Maskati, nafanya kazi za nyumbani. Huku joto la mwezi huu halisemeki, ila bosi wangu ni mtu mwema na mshahara naupata kwa wakati, namshukuru Mungu.

Mama yangu yuko Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Simu yake haipatikani tangu Alhamisi. Ana presha na anakunywa dawa kila siku. Jirani ambaye huwa nampigia naye amesafiri kwenda Tanga mjini. Dada yangu yuko Muheza lakini ana mgonjwa ndani, hawezi kutoka. Nikipiga usiku na sauti ile ikaniambia haipatikani, silali tena.

Ombi langu: mtu aliye Pangani, au anayepita, avuke na kivuko aende akamwone tu kwa macho. Akimkuta anipe habari. Nauli ya kivuko na bodaboda nitairudisha. Maelezo ya nyumba nitampa pembeni, siwezi kuyaweka hapa.

#8 Mkulima Kibaigwa

Poleni wenye wagonjwa, hongera wenye watoto. Binti Pangani, Mungu amlinde mama, sina mtu huko lakini nakuombea.

Huku Kongwa tumemaliza kuvuna. Mahindi yapo, bei wakati huu iko chini kama kawaida ya mavuno, kila mtu anakimbilia soko la Kibaigwa kuuza apate ada na madeni yaishe. Mimi mwaka huu nataka nisubiri miezi michache. Mwaka jana dumuzi walinimalizia, gunia ukilinyanyua linatoka unga mweupe kama umeshasaga. Nimesikia mifuko ile ya matabaka matatu haitaki dawa. Nani ameitumia kwa kweli, siyo kusikia? Na nitajuaje mahindi yangu yamekauka vya kutosha? Kipima unyevu sina.

#9 Ndugu wa Songea

Mkulima, mimi naitumia misimu kadhaa sasa, na familia yangu inakula mahindi hayo. Ni miwili ya nailoni nzito ndani na mmoja wa sandarusi nje. Wadudu walioingia na mahindi wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa humohumo. Dawa haitakiwi kabisa.

Ila ukitia mahindi mabichi yataoza, na hutajua mpaka siku ya kufungua. Kipimo cha mkulima ni chumvi. Chukua chupa ya maji iliyokauka vizuri, tia chumvi kavu kiasi cha kijiko, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja nzima, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, yamekauka. Ukiwa unapeleka kwa wanunuzi wakubwa wanataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na chumvi itakufikisha hapo karibukaribu.

Yanike juu ya turubai, siyo ardhini. Pepeta, toa vipande vya magunzi, maana kipande chenye ncha kinatoboa nailoni. Jaza mfuko wa ndani kabisa, kamua hewa kwa mikono, sokota shingo, kunja, funga kwa kamba. Halafu wa pili hivyohivyo, kisha wa nje. Usifunge yote mitatu kwa fundo moja. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya uwashughulikie mapema kwa sababu tundu moja tu linaharibu kazi yote. Usiwe unafungua kuchungulia. Tenga mfuko wa kula na mifuko ya kuuza.

#10 Mwalimu Mpya

Habari zenu kaka na dada. Nimepata ajira! Ualimu, Sengerema. Nimekaa nyumbani tangu nimalize chuo, nikafundisha masomo ya jioni mtaani, nikauza vitumbua na mama. Mama kapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka nje.

Natokea Iringa, sijawahi kufika Kanda ya Ziwa. Natakiwa kuripoti wiki ijayo. Nauli ninayo. Naomba mtu wa Sengerema anieleze maisha ya pale yakoje mtu akianza bila kitu, na kama kuna mtu wa kunipokea usiku mmoja tu nikiwa nimechelewa.

#11 Ticha wa Ziwani

Karibu sana mwalimu mwenzangu, hongera. Mimi niko Sengerema, ni mwanamke, nina watoto, utalala kwetu na hutalala usiku mmoja, utalala mpaka upate chumba. Nitumie namba pembeni.

Ukifika Mwanza usiku lala stendi ya mabasi au nyumba ya wageni, asubuhi panda gari za Sengerema. Zamani ungekaa foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka jua linakuchoma. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, unapita ndani ya dakika chache ukiangalia ziwa pande zote. Mzazi mwenye mgonjwa usiku ndiye anayejua daraja lile limetuokoa na nini.

Uje na vyeti halisi na nakala, picha ndogo, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa na akaunti ya benki. Halmashauri ulizia posho ya kujikimu, ni haki ya mwajiriwa mpya, usione haya. Mshahara wa kwanza unaweza kuchukua muda mpaka cheki namba, yaani namba yako ya utumishi, itoke, kwa hiyo usichukue chumba cha miezi sita kwa mkopo wa mtaani. Mwone kwanza mwalimu mkuu, shule nyingine zina nyumba ya walimu. Chumba ukipelekwa na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Uliza kuhusu luku kabla ya kulipa: mita ni yako au wapangaji wote mnachangia moja? Hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapozaliwa.

Godoro usibebe kutoka Iringa. Beba neti, shuka zito, sufuria mbili. Ndoo na jiko tutakuazima.

#12 Mwana wa Kahama

Wapendwa, naomba mnisikilize. Dada mmoja kaniuliza kama nimepokea mchango wake. Mchango upi? Sijaomba hela hapa. Kanionyesha ujumbe: mtu ametumia jina langu na picha yangu, kaandika "mama kazidiwa, tuma kwenye namba hii, yangu ina tatizo". Bahati nzuri jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu asiyemjua, akasita.

Narudia, niliomba maelekezo, chumba na damu. Nikihitaji hela nitaandika hapahapa mbele ya wote.

#13 Mpwani Likoni

Pole kakangu, na pole kwa mama. Mimi niko Mombasa, upande wa Likoni. Haya ya kuibiwa majina tunayajua sana huku.

Kwenye chama chetu cha kina mama tuliweka kanuni baada ya kuumizwa. Mtu akiugua au akifiwa, hatutumi kitu mpaka mmoja wetu ampigie na kumsikia kwa sauti, na amuulize jambo ambalo sisi tu tunalijua. Kisha pesa zinakwenda kwa mweka hazina mmoja, na kila usiku anaandika kwenye kundi: fulani katoa kiasi fulani, jumla imefika hapa. Jina likikosekana unauliza palepale. Tangu hapo hatujagombana kwa shilingi. Nashauri nanyi mfanye hivyo kabla hamjahitaji, maana siku ya msiba hakuna mwenye kichwa cha kutunga kanuni.

Na la pili. Anayeuguza huishiwa na vitu vidogo: vocha, nauli, maji ya kunywa, sabuni. Sisi humpa mtu mmoja jukumu la vitu hivyo tu, asiulizwe mgonjwa wala muuguzaji.

#14 Fundi Umeme Mbagala

Dada wa Likoni umesema neno. Kwa walio Tanzania: ujumbe wa kitapeli, namba iliyoutuma ipeleke 15040, bure. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106#. Shemeji yangu alikuta laini asiyoijua kwa jina lake.

Mapacha wanalala mchana, usiku wanaamka kwa zamu. Mama Wawili, mfuko niliupokea. Ulitia na kopo la mafuta ya kuchua, mke wangu alilia alipoliona. Mungu akuzidishie.

#15 Nesi Mstaafu

Mwana wa Kahama, kuhusu damu nieleze vizuri ili watu wasije wakarudishwa. Daktari anaweza kuchelewesha mionzi mpaka damu ipande, kwa hiyo jambo hili lina haraka kuliko chumba.

Anayechangia awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mzima siku hiyo. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasije, watusaidie kwa namna nyingine. Uje umeshiba, umekunywa maji, umelala. Watakutoboa kidole kwanza kuangalia wingi wa damu, watapima presha, watakuuliza maswali ya siri na uyajibu kweli, kwa sababu damu hiyo inaingia mwilini mwa mtu aliyedhoofika. Inayotolewa ni mililita 450 hivi, na muda wa sindano kukaa mkononi ni kama dakika kumi. Kundi lako la damu si lazima lilingane na la mama, damu yako inaingia benki na yeye anapata inayomfaa. Na damu haiuzwi. Mtu akikuambia toa hela upate chupa, usimpe, nenda kwa msimamizi.

#16 Mtu wa Keko

Mimi nilimuuguza mke wangu pale Ocean Road. Yuko hai, anapika sasa hivi, nauandika huu huku nanusa vitunguu. Nimesita kuandika kwa sababu kila nikikumbuka nachoka, lakini wewe unahitaji.

Fika mapema sana siku ya kwanza, faili linachukua muda. Kabla ya mionzi kuanza kuna siku ya kupanga: wanamlaza, wanampima, wanamchora alama mwilini kwa wino. Alama zile zisifutike! Mke wangu alioga kwa kikwaruzo tukarudi kuchorwa upya. Mwambie mama aoge kwa maji na mkono tu sehemu ile, asipake mafuta wala manukato. Madera mapana ya pamba, siyo sketi ya kubana kiunoni.

Wiki ya kwanza utadhani hakuna kitu, anatembea mwenyewe. Ya tatu uchovu unakuja, tumbo linaharisha, chakula kinamchukiza. Wangu alikuwa anakubali uji wa mchele mwembamba na ndizi mbivu tu, maharage yalimtesa. Kila unachoona mwambie nesi wa zamu, usisubiri siku ya daktari. Ndugu watakuja na vichupa vya mizizi, kila mmoja na yake. Uwashukuru kwa upendo wao, na usimpe mama kitu bila kumwonyesha daktari.

Kwa usafiri, basi la mwendokasi linakufikisha Kivukoni, hapo bajaji mpaka getini ni karibu. Lakini siku za uchovu asipande mwendokasi ya asubuhi, atasukumwa. Hizo siku tafuta gari.

Na wewe ule. Nilipungua mpaka suruali zikanidondoka, mke wangu mgonjwa ndiye akawa ananihurumia mimi.

#17 Mama Mwenye Nyumba Magomeni

Nimeusoma uzi wote jana usiku. Nina chumba Magomeni, kiko chini, choo cha kukaa kiko mlango wa jirani yake, maji yapo. Kilikuwa cha mwanangu, amehamia Dodoma kikazi. Sitaki kodi kwa kipindi hicho cha mionzi. Luku mtachangia na sisi. Nataka tu nikuone kwanza uso kwa uso, na uje na barua ya serikali ya mtaa wako. Niko nyumbani kila siku baada ya saa kumi.

#18 Mwana wa Kahama

Mama, sina la kusema. Nilikuja na mke wangu jana jioni kama mlivyoona wenyeji wa nyumba ile. Barua nimeiacha. Asanteni.

Kwa wengine: mama ameshawasili kwa basi, mdogo wangu alimsindikiza mpaka Dodoma, mjomba akampokea hapo. Kipande cha maabara kimekuja naye, kwenye kikopo ndani ya mkoba wa khanga. Waliojitolea damu mpaka sasa ni Fundi na wenzake wawili, Mtu wa Keko, na kaka mmoja aliyenipigia bila kuandika hapa. Faili limefunguliwa. Damu anaongezwa, kisha siku ya kuchorwa alama itapangwa.

Nilicho nacho pungufu ni gari la asubuhi kuanzia wiki ya tatu, Magomeni mpaka Ocean Road. Si kila siku. Mwenye kupita njia hiyo kwenda kazini Posta, nafasi moja ya mbele inatosha.

#19 Dereva wa Sinza

Mimi napita Magomeni saa kumi na mbili na nusu kila siku ya kazi kwenda Posta. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nafasi ipo. Jumanne na Alhamisi nambeba bosi, samahani. Kurudi siwezi, natoka jioni.

#20 Mama Wawili Ukonga

Nimesaini karatasi. Binti kachanjwa leo asubuhi, mkono unamuuma, anadai asioshe vyombo mpaka kesho kutwa. Nimemwambia kesho.

#21 Mkulima Kibaigwa

Nimefanya ile ya chumvi. Imegandia chupa nzima, na mimi nilikuwa naona yamekauka! Yamerudi turubaini. Ndugu wa Songea, ulinusuru chakula cha watoto wangu. Mifuko nimeagiza Dodoma. Kuna yeyote anayeuza chaga za mbao huku Kongwa?

#22 Mvuvi wa Mto

Binti Pangani, nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa baharini. Nimetoka Bweni sasa hivi. Maelezo uliyonipa yalikuwa sahihi, ule mnazi uliolala ndio ulionielekeza.

Mama yako ni mzima. Nimemkuta barazani anasuka makuti, akanikaribisha chai ya tangawizi kabla sijasema nimetumwa na nani. Simu ilimdondokea mtoni akiwa kwenye kivuko. Amenunua nyingine ndogo, lakini laini hajairudisha: wakala wa upande ule mashine yake haisomi vidole vyake, vimelika kwa kusuka. Kasema atavuka Jumatatu ajaribu mjini. Dawa za presha anazo za wiki mbili, nimeziona kwa macho, na nimehesabu naye. Nauli sitaki.

Ila kaniambia kitambulisho chake cha NIDA kiko kwa dada yako, na namba haikumbuki.

#23 Binti Pangani

Mungu akulipe wewe na kizazi chako. Kitambulisho kiko Muheza kwenye droo ya kabati, dada yangu anakipiga picha sasa hivi nikutumie namba. Jumatatu akivuka utakuwa mjini? Kama vidole vikigoma tena, tafadhali muulizie wakala afanye nini, yeye ataona haya kuuliza.

#24 Mvuvi wa Mto

Nitakuwa gatini kuanzia saa mbili asubuhi. Nitumie namba, nitakwenda naye mwenyewe.